Kupunguza kila siku: shajara ya mradi wa Dao katika karakana ya ushonaji, Tanga

Novemba: kuanza

Mradi wenyewe ni huu: kuchukua mafunzo machache ya wanafalsafa wa kale wa China, wale wa Dao, yaani Njia, kuyaingiza katika kazi yangu ya ushonaji hapa Ngamiani na katika nyumba yangu, kisha kuandika kinachobadilika. Sikusanyi misemo ya kubandika ukutani. Fundisho litakaloingia humu sharti lionekane: kwenye meza ya kukatia, kwenye daftari la oda, kwenye namna tunavyosemezana. Lisiloonekana baada ya muda wa kutosha litawekwa kando, hata liwe tamu namna gani kulisoma.

Vitabu ni viwili. Daodejing ni kifupi, sura 81, herufi za Kichina kama 5,000 tu, na kwa desturi huhesabiwa kuwa kazi ya Laozi. Mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika karibu mwaka 100 kabla ya Kristo, anasimulia kwamba Laozi alikuwa mtunza kumbukumbu wa wafalme wa Zhou, akachoshwa na kuoza kwa dola ile, akashika njia ya magharibi. Mlinzi wa mpaka akamsihi asivuke kabla ya kuacha maandishi, na hayo ndiyo Daodejing. Wataalamu wengi wa leo wanaona ndani ya kitabu hicho mikono ya watu kadhaa. Uzee wake hauna shaka: mwaka 1993, katika kaburi la Guodian mkoani Hubei, ziliibuka fito za mianzi zilizoandikwa sehemu zake karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Kitabu cha pili ni Zhuangzi, sura 33, na saba za mwanzo ndizo zinazohusishwa zaidi na Zhuang Zhou mwenyewe, mtu wa karne ya nne kabla ya Kristo. Hicho ndicho kilichonivuta. Kimejaa mpasua nyama, seremala, mtengeneza magurudumu, mtunza bustani. Mafundi wanasimama mbele ya watawala na kuwafundisha kwa kazi ya mikono yao, na mwandishi anawaacha waseme.

Inafaa kukumbuka maneno haya yalizaliwa wakati gani. Kilikuwa kipindi cha Madola Yanayopigana, dola kubwa zikimeza ndogo, mpaka Qin ikazimeza zote mwaka 221 kabla ya Kristo. Kodi, majeshi, watawala wenye pupa, washauri wanaogombea vyeo. Wengi hudhani haya ni mawazo ya wazee waliokuwa wakinywa chai mlimani bila shughuli. Ni mawazo yaliyotoka katika dunia iliyobanwa na kukimbizwa, na ndiyo maana nayaona yanafaa kwa mtu anayeamka na jumbe za wateja zinamsubiri kwenye simu.

Novemba, bado: swali la dini

Mama mkwe alikiona kitabu mezani akauliza, "Mwanangu, hii si dini ya watu?"

Ni swali la haki na nilimjibu kwa kituo. Ipo dini ya Dao, yenye mahekalu, makuhani na ibada. Mwanzo wake huhesabiwa kwa Zhang Daoling, huko Sichuan, mwaka 142 baada ya Kristo, na mpaka leo chama cha taifa cha wafuasi wake kina makao katika hekalu la Baiyun Guan mjini Beijing. Vitabu hivi viwili vilikuwepo karne nyingi kabla ya hapo. Mimi navisoma kama tunavyosoma hekima za wazee wetu. Sala zangu ziko palepale.

"Basi soma," akasema, "lakini utakachokipata usinifiche."

Desemba: sura ya 48

Sura ya 48 ya Daodejing inasema kwamba anayetafuta elimu huongeza kila siku, na anayefuata Dao hupunguza kila siku. Hupunguza tena na tena mpaka afike pasipo na kulazimisha, na hapo hakuna kinachobaki bila kutendeka. Nimeanzia hapa kwa sababu Desemba katika karakana ni mwezi wa kuongeza: harusi, Krismasi, na sare za shule zinazonyemelea Januari.

Tulikaa chini wote, mimi, fundi wetu mkubwa wa suruali, binti anayejifunza na kijana wa oveloki, tukataja kila linalotendeka humu ndani ambalo si kushona. Ilichukua mchana mzima. Mteja anatuma picha ya gauni usiku, asubuhi anatuma nyingine. Mwingine analeta vipimo vya dada yake kwa ujumbe wa sauti. Kitambaa kinatafutwa kwenye mifuko ambayo haina jina. Mtu anakuja kuuliza nguo, haijawa tayari, anakaa, anapewa soda, anaondoka, kesho anarudi. Juu ya yote hayo kuna lile neno "pitia kesho", ambalo limeharibu jina la mafundi wa nchi hii kuliko mshono mbaya wowote.

Tumeondoa oda isiyo na kitambaa mkononi. Tumeondoa kubadili mshono baada ya kitambaa kukatwa. Tumefunga kundi la wateja kwenye WhatsApp, kwa ujumbe wa heshima. Na "pitia kesho" limepigwa marufuku: kama nguo haitakuwa tayari, mteja anapigiwa simu kabla hajatoka nyumbani kwake.

Fundi mkubwa alisema bila kuzunguka, "Dada, tukikataa oda tutakula nini?" Nikamwomba tuhesabu pamoja. Tulichokuwa tunakiondoa ni kazi isiyolipwa na mtu yeyote, ile inayokula saa za kushona. Alikubali, ingawa uso wake ulibaki na shaka mpaka katikati ya mwezi, nguo za harusi mbili zilipotoka siku moja kabla ya tarehe. Ukurasa wa daftari sasa una jina, vipimo, tarehe na kipande cha kitambaa kilichobanwa kwa pini. Hakuna kingine.

Wapo wanaoisoma sura hii kama shutuma kwa elimu. Siioni hivyo. Binti anayejifunza yuko katika kuongeza, na ni haki yake; hajapata bado cha kupunguza.

Januari: mpishi Ding

Msimu wa sare. Sketi za marinda, shati jeupe, kaptura, siku nzima. Hapa ndipo nilipotaka kuileta hadithi ambayo naipenda kuliko zote, iliyo katika sura ya tatu ya Zhuangzi.

Mpishi Ding anapasua ng'ombe mbele ya mtawala Wenhui. Bega, mguu, goti, kisu, vyote vinakwenda kwa mwendo mmoja kama ngoma. Mtawala anashangaa ufundi umefikaje hapo. Ding anaweka kisu chini na kueleza. Alipoanza alikuwa akiona ng'ombe mzima. Baada ya miaka mitatu hakumwona tena ng'ombe mzima. Mpishi mzuri hubadili kisu kila mwaka kwa sababu anakata nyama. Mpishi wa kawaida hubadili kila mwezi kwa sababu anakatakata mifupa. Kisu cha Ding kina miaka 19, kimepasua ng'ombe maelfu, na makali yake ni kama kimetoka kwenye jiwe la kunolea sasa hivi. Viungo vina nafasi, anasema, na makali hayana unene. Kitu kisicho na unene kikiingia penye nafasi kinapata uwanja wa kutosha.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu, nilipomsimulia alisema, "Hayo si ndiyo haraka haraka haina baraka?" Nimelifikiri sana hilo, na jibu langu ni hapana. Ding si mtu wa polepole. Kisu chake kinakimbia. Methali yetu inazungumzia mwendo. Ding anazungumzia mahali pa kupitisha kisu. Unaweza kwenda taratibu kabisa na bado ukawa unakata mfupa.

Basi tumebadilisha kinachotangulia mkasi. Kitambaa hakikatwi mpaka kisomwe. Binti anakishika kwenye ukingo wake, ule uliofumwa kwa kukaza, anakivuta kwa urefu: kinakataa. Anakivuta kwa upana: kinatoa kidogo. Anakivuta mshazari, pembe kwa pembe: kinalegea na kunyooka mbali. Hiyo ndiyo mifupa na viungo vyake. Sketi ya marinda ikikatwa kwa urefu sahihi, rinda linasimama bila kulazimishwa na pasi. Ikikatwa kombo kidogo tu, utapiga pasi mpaka makaa yaishe na kufikia mchana mtoto amerudi na sketi iliyojaa mikunjo. Kitenge kina jambo la ziada, kwa sababu ndege waliochapwa wana juu na chini, na ukikunja kitambaa bila kuwatazama, mgongo wa gauni utakuwa na ndege waliopinduka. Yote haya mafundi wanayajua. Kipya ni kwamba sasa yana muda wake, kabla ya chaki, na hakuna anayezungumzishwa wakati huo.

Kuna sehemu ya maneno ya Ding ambayo wanaomnukuu huiacha, nami naiona ndiyo kiini. Anasema kwamba kila afikapo penye fundo gumu, anaona ugumu wake, anajionya, anakaza macho, anapunguza mwendo, anasogeza kisu kidogo sana. Halafu nyama inaachia kama bonge la udongo linaloanguka. Yule aliyefika kileleni mwa ufundi bado anaogopa mahali pa kuogopa! Tangu tulisome hilo, fundi mkubwa amekuwa akilitaja kila anapofika kwenye shingo na kwapa. Shifoni tumeitengea saa yake asubuhi, kabla joto halijapanda na mikono haijatoka jasho. Tunatandika shuka la pamba chini yake isiteleze, na jani la chini la mkasi haliinuki mezani mpaka mstari uishe.

Mkasi wa kitambaa haugusi karatasi tena, kwa amri ya wote.

Februari

Fupi. Sura ya 13 ya Zhuangzi: mtengeneza magurudumu Bian anamkuta Mtemi Huan wa Qi akisoma kitabu cha wenye hekima waliokwisha kufa, anamwambia kwamba anasoma machicha yao tu. Mtemi anamtaka ajieleze la sivyo atauawa. Bian anasema kwamba patasi ikienda taratibu mno haishiki, ikienda haraka mno inakwama. Ule wastani mkono unaujua na moyo unaukubali, lakini mdomo hauwezi kuutoa, na hakuweza kumpa hata mwanawe. Ndiyo maana ana miaka 70 na bado anachonga magurudumu.

Nimemwekea binti kiti kando ya cherehani yangu, mguu wake karibu na wangu, na maelezo nimeyapunguza. Uzi wa juu ukikaza mno kitambaa kinavutwa na kukunjamana. Ukilegea, chini panatoka vitanzi. Nilimwachia skrubu ya kukaza uzi na mabaki ya vitambaa vya kila aina, akakaa navyo. Alhamisi moja alisimamisha cherehani kabla sijasikia chochote, akasema, "Dada, imebadilika sauti." Alikuwa sahihi.

Machi: Ramadhani

Mwezi wa kazi nzito na matumbo matupu. Mafunzo mawili yameingia, na moja nimekuwa nikigombana nalo.

La kwanza ni mashua tupu, sura ya 20 ya Zhuangzi. Mtu anavuka mto, mashua isiyo na mtu inakuja kumgonga; hata awe na hasira za karibu, hakasiriki. Akiwemo mtu ndani, atapiga kelele mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu zitafuata matusi. Watu wengi huitumia hadithi hii kujituliza: mchukulie anayekukera kuwa ni mashua tupu. Ni dawa nzuri barabarani, lakini maandishi yenyewe hayasemi hivyo. Yanasema uwe wewe mashua tupu. Ukipita duniani ukiwa umejiondoa wewe mwenyewe ndani, nani atapata cha kugombana nacho?

Katika kumi la mwisho aliingia bibi mmoja ameshika kanzu ya mjukuu, sauti yake imetangulia mlangoni. Mkono unabana, mmeniharibia kitambaa, Idi ni keshokutwa. Kijana wa oveloki alishafungua mdomo kujibu. Nilisema, "Shikamoo bibi," nikaipokea kanzu kwa mikono miwili, nikaigeuza ndani nje mezani. "Hebu tuonyeshe panapobana." Akaweka kidole. Tulikuwa tumeacha akiba ya kitambaa kwenye mshono wa kwapa, kama kawaida ya nguo za watoto, kwa hiyo fundi mkubwa alifumua, akatoa nafasi, akashona tena, huku bibi amekaa kwenye benchi. Mjukuu alikuwa amenenepa tangu apimwe. Hakuna aliyelisema hilo. Alilisema bibi mwenyewe. Ule utupu haukuwa unyonge. Kulikuwa na kanzu tu ya kushughulikia, na wote tukaishughulikia.

La pili ni la sura ya 64 ya Daodejing: watu huharibu shughuli zao zinapokaribia kukamilika, aliye mwangalifu mwishoni kama mwanzoni hataharibu. Nimelipa kazi moja tu, kwenye vifungo na pindo. Nguo zinazofika jioni zikiwa zimebakiza pindo zinalala. Zinamaliziwa asubuhi na mikono iliyopumzika. Katika wiki ya Idi kanuni hiyo ilitugharimu wateja waliotaka nguo usiku uleule, na bado naiunga mkono kwa moyo wote.

Ninalogombana nalo ni la sura ya 12 ya Zhuangzi. Zigong, mwanafunzi wa mwanafalsafa Confucius, anamkuta mzee akimwagilia bustani. Anashuka kisimani na mtungi, anapanda, anamwaga, anashuka tena. Zigong anamweleza juu ya mti wa kuvutia maji, mzito nyuma na mwepesi mbele, unaoweza kunywesha matuta mia kwa siku. Mzee anabadilika uso, kisha anacheka. Penye mitambo, anasema, pana mambo ya kimtambo. Penye mambo ya kimtambo, pana moyo wa kimtambo. Si kwamba hakijui kifaa kile. Anaona haya kukitumia.

Ninayo oveloki ya umeme na siiachi. Bila hiyo kijana angekaa akipiga nyuzi kwa mkono mpaka macho yafe. Nilidhani nitalazimika kulitupa fundisho zima, kumbe hadithi haiishii kwa mzee. Zigong anaporudi, Confucius anasema kwamba mtu yule anajua moja na hajui la pili, anatawala ndani na si nje. Kitabu kimeuacha ubishi wazi, nami nimejiwekea msimamo wangu: swali ni kifaa kinafanya nini ndani ya mtu. Oveloki ikizimwa, imezimwa, haiuachi moyo wa kijana ukihangaika. Simu ikizimwa, mtu bado anaisubiri. Kwa hiyo simu zote zinaingia kwenye droo wakati wa kukata, yangu ikiwa ya kwanza, na mume wangu na shule ya watoto wanajua namba ya duka la jirani kwa jambo la dharura.

Aprili

Oda za kawaida, mvua zimeanza. Nimesoma tena sura ya 11 ya Daodejing, ile ya chungu na dirisha, kwamba udongo ndio unaofinyangwa lakini manufaa yako kwenye uwazi wake. Imenisaidia nyumbani zaidi ya kazini. Jioni ya Jumapili haina mpango wowote tena, na watoto wameijaza wenyewe kwa bao.

Mei: masika, na maji ya Li Bing

Mtoto wa kaka yangu anasoma uhandisi Chengdu, China. Nilipomwandikia juu ya mradi huu alinijibu, "Shangazi, wenzangu hapa wanasema Dao ni falsafa ya kulala." Alikuwa na sababu. Mwaka 2021 vijana wa China walianza kuzungumza kwa sauti juu ya tang ping, yaani kujilaza tu na kuachana na mbio. Kabla ya hapo palikuwa na miaka ya 996: kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki, utaratibu ambao Jack Ma, mwanzilishi wa kampuni ya Alibaba, aliusifu mwaka 2019 kuwa ni baraka. Agosti 2021 Mahakama ya Juu ya Watu ya China ikatamka kwamba ni kinyume cha sheria. Vijana wale wamechoka kwa haki na mimi siwalaumu hata kidogo. Lakini wanaomwita Laozi shahidi wa kulala wanamsingizia. Ding hakulala. Bian ana miaka 70 na patasi mkononi.

Nilimwomba aende Dujiangyan, penye mfumo wa kale wa umwagiliaji, ambako si mbali na Chengdu, akaniandikie alichokiona kwa jicho la mhandisi. Barua yake ndiyo iliyokuwa kitabu changu cha mwezi huu.

Mto Min unashuka kutoka milimani kwa nguvu, unaingia uwanda wa Chengdu, unapunguza mwendo, unatua mchanga, unafurika. Karibu mwaka 256 kabla ya Kristo, Li Bing, gavana wa Shu, eneo hilo la Chengdu, chini ya dola ya Qin, aliamua kutouzuia. Katikati ya mto kilijengwa kisiwa chembamba chenye ncha, Yuzui, yaani mdomo wa samaki, kwa makapu marefu ya mianzi yaliyojazwa mawe. Ncha hiyo inaupasua mto: upande wa ndani ni mwembamba na wenye kina, upande wa nje ni mpana na wa juu zaidi. Wakati wa kiangazi maji machache yanatafuta kina, kwa hiyo kama asilimia 60 yanaingia ndani kwenda mashambani. Wakati wa mafuriko upana ndio unaoamua, na sehemu hiyo kubwa inakwenda nje. Katika mpango ule wa awali hapakuwa na lango la kufungua wala kufunga. Mbele kidogo pana Feishayan, kizingiti kifupi kwenye kona: maji yakizidi yanaruka juu yake na, kwa jinsi yanavyozunguka kwenye kona, yanautupa mchanga nje pamoja nayo. Halafu Baopingkou, shingo ya chupa, njia iliyokatwa kwenye mwamba kwa kuuchoma moto na kuumwagia maji baridi mpaka upasuke, kwa kuwa baruti ilikuwa haijajulikana. Mfumo huo unafanya kazi hadi leo, unanywesha zaidi ya hekta laki sita, na UNESCO iliuweka katika urithi wa dunia mwaka 2000 pamoja na mlima wa jirani, Qingcheng, ambao ni mlima mtakatifu wa dini ya Dao.

Li Bing alikuwa mtumishi wa dola na sina haja ya kumvisha joho la mwanafalsafa. Ila kazi yake inanionyesha kwa mawe kile ambacho sura ya 8 ya Daodejing inakisema juu ya maji, kwamba yanafaidisha vitu vyote bila kushindana, yanakaa pale watu wasipopapenda. Na kanuni ya matunzo yake, iliyochongwa pale, inasema: chimba kitanda cha mto kiwe na kina, kizingiti kijenge kifupi. Kwa karne nyingi, kila msimu wa maji machache, watu waliingia mtoni kuzoa mchanga. Hiyo ni jasho, mwaka baada ya mwaka. Kutolazimisha kunadai kazi nyingi. Kunadai tu kwamba kazi ifanywe mahali ambapo maji yenyewe yatamalizia.

Sasa hapa kwetu. Kila masika maji ya barabarani yanaingia kwenye safu yetu ya maduka, na kila mwaka mtu anaongeza saruji mlangoni. Aliyeinua anayarudisha kwa jirani, jirani anainua naye. Karakana yetu iko chini kuliko zote. Nilikwenda kwa majirani na mchoro wa Dujiangyan kwenye simu. Muuza vyuma alicheka, kisha akauliza maswali mengi kuliko wote. Tulisimama nje mvua ikinyesha, tukaangalia maji yenyewe yanapenda kupita wapi. Yalikuwa yanakuja kwa kishindo kwenye kona ya duka la vyuma, yanagonga ukuta wangu, yanatulia, yanaacha mchanga. Jumapili tukachimba mfereji mwembamba wenye kina kuanzia kona ile, nyuma ya choo, mpaka mtaro wa manispaa. Kwenye kona tukapanga mawe ya urefu wa kiganja tu, ili yakizidi yaruke kwenda barabarani badala ya kuja kwetu. Kijana wa oveloki alichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Mvua kubwa ya wiki iliyofuata ilijaza mfereji hadi ukingoni. Ndani, marobota ya kitambaa yaliyo kwenye mbao za chini hayakuguswa na tone. Mchanga umejaa kwenye kona kama barua ilivyosema, na kila Jumamosi jioni mmoja wetu anauzoa, kwa zamu, muuza vyuma akiwemo.

Juni: yaliyowekwa kando, na hatua inayofuata

Sura ya 80 nimeiweka kando. Inasifu nchi ndogo ambayo watu wake wanasikia jogoo na mbwa wa jirani lakini wanazeeka na kufa bila kutembeleana. Naelewa kwamba ilikuwa kilio cha watu waliochoshwa na vita na kuhamishwa. Lakini mimi ni mtu wa pwani. Kitambaa ninachokata kimevuka bahari, na nyumba isiyobisha hodi kwa jirani hainivutii hata kwa falsafa. Sura ya 65 pia, inayotaka watu waongozwe bila kuerevushwa, haina nafasi katika karakana yenye mwanafunzi.

Yaliyobaki yameshika. Daftari, muda wa kusoma kitambaa, pindo kulala, droo ya simu, mfereji. Mama mkwe ameomba kanuni ya "pitia kesho" apelekewe fundi wake wa viatu.

Kinachofuata ni sura ya 17 ya Daodejing: kiongozi bora ni yule ambaye watu wanajua tu kwamba yupo, na kazi ikikamilika wanasema tumeifanya wenyewe. Kuanzia Julai binti atapokea wateja, atapima, atapanga tarehe na bei, nami nitakuwa nyuma kwenye meza ya kukatia bila kuingilia mpaka aniite. Amekubali huku mikono ikitetemeka kidogo. Fundi mkubwa ameshauri tuanze Jumatatu, siku yenye wateja wachache, na kwamba lile benchi la wateja lihamishwe karibu na mlango ili nisisikie kila neno. Tutalihamisha Jumamosi baada ya kuzoa mchanga.